Chini ya maji vuguvugu ya Pwani kuna bahari nyingine ya baridi

MTU anayeoga baharini Nyali, Watamu au Shela mwezi wa Machi hukutana na maji yenye joto la takriban nyuzi 29 za Selsiasi, karibu sawa na hewa inayomzunguka. Ni rahisi kudhani kwamba Bahari Hindi yote ni vuguvugu namna hiyo, kutoka juu hadi sakafuni.

Ukweli ni kwamba maji hayo ya joto ni utando mwembamba uliotandazwa juu ya bahari ya baridi. Mita 200 chini ya jahazi linalopita mbali na pwani ya Kenya, joto huwa limeshuka hadi karibu nyuzi 15. Mita 1,000 chini, hubaki nyuzi saba hivi. Katika kina cha mita 4,000, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki kamwe, maji huwa na takriban nyuzi moja na nusu, baridi kuliko yale ya ndani ya friji.

Kwa jumla, bahari za dunia zina kina cha wastani cha mita 3,700 hivi, na wastani wa joto la maji yake yote haufiki nyuzi nne. Bahari ambayo mvuvi, mtalii na nahodha huijua ni kifuniko tu cha bahari yenyewe.

Hata hivyo, unene wa kifuniko hicho haubaki vile vile. Kuna miaka ambapo huwa kinene na miaka ambapo hupungua, na kila badiliko huacha alama yake: kwenye nyavu za wavuvi, kwenye miamba ya matumbawe, na hata kwenye mashamba ya wakulima wa bara ambao pengine hawajawahi kuiona bahari.

Matabaka matatu

Wataalamu wa bahari huyagawa maji ya maeneo ya joto katika matabaka matatu makuu, wakizingatia jinsi joto linavyopungua kuelekea chini.

Tabaka la kwanza ni la juu, ambalo hupokea miale ya jua na kukorogwa na upepo na mawimbi. Kwa sababu ya kukorogwa huko, joto lake hulingana karibu kote. Kipimajoto kikiteremshwa mita 10, 20 au 30, huenda kisionyeshe tofauti yoyote ya maana. Unene wa tabaka hili ni kati ya makumi machache ya mita na mita 100 hivi, kutegemea mahali na msimu.

Tabaka la pili ni la mpito, ambalo kwa lugha ya kitaalamu huitwa themoklaini. Hapa ndipo joto huporomoka. Katika maji ya karibu na ikweta, nyuzi kumi zinaweza kupotea katika mita 100 hadi 150 tu. Baada ya mporomoko huo, joto huendelea kupungua, lakini polepole zaidi, hadi kina cha mita 1,000 hivi.

Tabaka la tatu ni kilindi. Kutoka mita 1,000 hadi sakafuni, mwendo wa kilomita tatu au nne, joto hupungua kwa nyuzi tano au sita pekee. Huko hakuna mchana wala usiku, kusi wala kaskazi. Sehemu kubwa zaidi ya maji ya bahari imo katika tabaka hili.

Misimu ya pepo huathiri tabaka la juu pekee, ingawa huliathiri sana. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, upepo huwa wa wastani na jua kali. Maji hupata joto na tabaka la juu huwa jembamba. Kusi inapovuma kwa nguvu, kuanzia Mei hadi Septemba, mawimbi huchimba ndani zaidi na kuchanganya maji ya juu na yale ya chini yake. Tabaka huongezeka unene, na joto la maji ya juu hushuka hadi karibu nyuzi 25.

Chungu kinachopalia makaa

Swali la kwanza ambalo mtu anaweza kuuliza ni hili: ikiwa jua la ikweta limekuwa likiichoma bahari tangu dunia iumbwe, kwa nini joto halijafika chini?

Jibu linaanzia jikoni. Sufuria ikiwekwa juu ya jiko, maji ya chini hupata moto kwanza, huwa mepesi na kupanda, kisha maji ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Mzunguko huo hupasha maji yote. Lakini kama mpishi angezima moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko pekee, maji ya juu yangepata moto na kubaki pale pale, kwa sababu maji ya moto ni mepesi na hayazami.

Hivyo ndivyo bahari ilivyo. Jua huipasha kutoka juu. Zaidi ya nusu ya nguvu za jua humezwa na maji katika mita ya kwanza pekee. Rangi nyekundu ya mwanga hupotea katika mita chache za mwanzo, ilhali ile ya buluu husafiri mbali zaidi. Ndiyo sababu kilindi huonekana cha buluu. Baada ya mita 200 hivi, mwanga uliosalia hautoshi mimea kujitengenezea chakula, na baada ya mita 1,000 ni giza totoro.

Upepo hujaribu kulisukuma joto hilo chini, lakini nguvu zake zina mpaka. Kulazimisha maji mepesi yaingie ndani ya maji mazito ni kazi ngumu, sawa na kuzamisha mtungi mtupu. Kwa hiyo mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi hujilinda wenyewe: kadiri tofauti ya joto inavyozidi kuwa kubwa, ndivyo matabaka hayo mawili yanavyozidi kukataa kuchanganyika.

Baridi ya kilindi hutoka wapi?

Ukosefu wa jua peke yake hautoshi kueleza baridi ya kilindi. Kwa kuwa joto huvuja chini kidogo kidogo, maelfu ya miaka yangetosha kuyapasha maji yote. Baridi hiyo inadumu kwa sababu inaletwa upya kila mwaka kutoka mbali.

Chanzo chake ni maeneo ya karibu na ncha za dunia. Katika pwani za Antaktika, upepo mkali huyapoza maji hadi karibu na kiwango cha kuganda. Barafu inapofanyika, huacha sehemu kubwa ya chumvi ndani ya maji yaliyosalia. Maji hayo, yakiwa na baridi kali na chumvi nyingi, huwa mazito kuliko mengine yote, huzama hadi sakafuni na kuanza kutambaa kuelekea kaskazini. Maji mengine ya kilindi huzama katika sehemu ya kaskazini ya bahari ya Atlantiki.

Hapa maji ya bahari yanatofautiana na maji baridi ya ziwa. Maji yasiyo na chumvi huwa mazito zaidi yanapofika nyuzi nne, na yakizidi kupoa huwa mepesi tena. Maji ya bahari huendelea kuongezeka uzito hadi yanapoganda, katika kiwango cha karibu nyuzi mbili chini ya sufuri. Ndiyo maana sakafu ya bahari inaweza kuwa na baridi kuliko nyuzi nne.

Bahari Hindi ina hali ya pekee. Upande wake wa kaskazini umezibwa na bara la Asia, kwa hivyo haina ncha yake ya kaskazini ya kutengeneza maji ya baridi. Baridi yote iliyo sakafuni mbali na Lamu, Mombasa na Kilifi imesafiri kutoka kusini, ikipita kando ya Madagaska, katika mwendo unaopimwa kwa mamia ya miaka. Maji yaliyo huko chini leo yaliuona uso wa dunia mara ya mwisho kabla ya kizazi chochote kinachokumbukwa.

Mahali ambapo kanuni hubadilika

Si kila bahari hufuata mpangilio huu. Mfano wa karibu ni Bahari ya Shamu. Mlango wake wa kusini, Bab el Mandeb, una kizingiti cha chini ya maji chenye kina cha mita 140 hivi tu. Maji ya baridi ya kilindi cha Bahari Hindi hayawezi kukiruka. Matokeo yake ni kwamba hata katika kina cha mita 2,000, Bahari ya Shamu ina joto la zaidi ya nyuzi 21. Bahari ya Mediterania nayo, iliyofungwa na mlango wa Gibraltar, ina takriban nyuzi 13 kilindini.

Katika ncha ya kaskazini ya dunia mambo hugeuka juu chini. Maji ya juu, chini ya barafu, huwa ya baridi zaidi lakini mepesi kwa sababu yana chumvi kidogo. Maji yenye joto kiasi kutoka Atlantiki hupita chini yake.

Zipo pia chemchemi za moto. Mnamo 1977, watafiti waliokuwa wakichunguza sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Galapagos walikuta maji ya moto yakitoka katika nyufa za miamba, yakizungukwa na viumbe wengi wasiotegemea jua. Baadaye ziligunduliwa chemchemi zinazotoa maji ya zaidi ya nyuzi 350, ambayo hayachemki kwa sababu ya shinikizo kubwa la maji yaliyo juu yake. Hata hivyo, joto hilo hupotea upesi katika maji ya baridi yanayolizunguka.

Ndoo, kamba na mitambo inayoelea

Mmoja wa watu wa kwanza kupima baridi ya kilindi alikuwa nahodha Mwingereza, Henry Ellis, mnamo 1751. Akiwa katika meli ya biashara ya watumwa kwenye bahari ya Atlantiki, aliteremsha kwa kamba ndoo maalumu yenye vifuniko na kipimajoto ndani yake. Juu, maji yalikuwa na nyuzi 29. Katika kina cha zaidi ya mita 1,100, kipimajoto kilionyesha nyuzi 12. Nahodha huyo aliandika kwamba maji hayo yalimfaa kwa kuoga na kupoza mvinyo wake. Biashara iliyompeleka huko ilikuwa ya kuuza Waafrika.

Mwishoni mwa karne ya 18, mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana pia kama Count Rumford, alieleza kwamba baridi inayopatikana chini ya bahari za ikweta haiwezi kuwa imetoka mahali pengine ila kwenye ncha za dunia. Karne iliyofuata, meli ya Uingereza HMS Challenger ilizunguka dunia kati ya 1872 na 1876 ikipima kina, joto na viumbe vya baharini.

Tatizo kubwa la vipimo vya wakati huo lilikuwa shinikizo. Kila mita 10 za maji huongeza uzito sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kioo cha kipimajoto kilibanwa na kutoa majibu ya uongo. Isitoshe, kifaa kilipokuwa kikivutwa juu kilipita katika maji ya joto na kupoteza kipimo cha chini. Mnamo 1874, kampuni ya Negretti and Zambra ya London ilitengeneza kipimajoto kilichopinduliwa kikiwa chini ili uzi wa zebaki ukatike na kuhifadhi kipimo hicho. Vifaa vya aina hiyo vilitumika kwa zaidi ya miaka 100.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia viliongeza hamu ya kuijua themoklaini. Sauti hupinda inapovuka kutoka maji ya joto kwenda ya baridi, na nyambizi iliyojificha chini ya mpaka huo ingeweza kuepuka kusikika na meli zilizokuwa zikiitafuta.

Kwa Bahari Hindi, hatua kubwa ilikuwa msafara wa kimataifa wa utafiti uliofanyika kati ya 1959 na 1965, ambapo meli za mataifa mengi zilishirikiana kupima bahari iliyokuwa ikijulikana kidogo kuliko zote. Mapema miaka ya 1980, meli ya utafiti ya Norway, Dr. Fridtjof Nansen, ilichunguza maji ya Kenya, na mnamo 1992 ikafuata meli ya Uholanzi, Tyro. Nchini, kazi hiyo ni ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), yenye makao yake makuu Mombasa na meli yake, RV Mtafiti.

Leo, vipimo vingi huletwa na mitambo isiyo na nahodha. Mpango wa kimataifa wa Argo ulianza kusambaza vifaa vyake baharini karibu na mwaka wa 2000, na kufikia 2007 vilikuwa 3,000. Kila kimoja huelea katika kina cha mita 1,000 na, kila baada ya siku 10, huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda polepole kikipima joto na chumvi, na kutuma matokeo kwa setilaiti. Bila vifaa hivyo, setilaiti zingejua joto la ngozi ya bahari tu.

Chakula cha samaki kiko chini, jua liko juu

Kwa mvuvi, themoklaini ni mpaka wa riziki. Mimea midogo mno ambayo ndiyo msingi wa chakula cha baharini huhitaji mwanga na virutubisho. Mwanga uko juu. Virutubisho, vinavyotokana na mabaki ya viumbe vilivyozama na kuoza, viko chini katika maji ya baridi. Mpaka unapokuwa mgumu na wa kina kirefu, vitu hivyo viwili havikutani, na maji huwa safi, ya buluu na yenye njaa.

Penye upepo unaosukuma maji ya juu mbali na nchi kavu, maji ya baridi hupanda na chakula chake. Pwani ya Somalia hushuhudia jambo hili kila kusi: karibu na Ras Hafun, joto la maji ya juu limewahi kushuka chini ya nyuzi 20, ingawa eneo hilo liko karibu na ikweta. Pwani ya Kenya haijajaliwa hali hiyo kwa kiwango kama hicho. Hata hivyo, wakati wa kaskazi, mkondo utokao Somalia hukutana na ule wa Afrika Mashariki upande wa kaskazini wa pwani ya Kenya, na maji yenye rutuba hupanda katika eneo hilo la uvuvi.

Samaki nao huchagua tabaka. Jodari wa mapezi ya manjano hupenda kukaa juu ya themoklaini au karibu nayo. Jodari wa macho makubwa hushuka mchana hadi mita mia kadhaa katika maji ya baridi, na kupanda usiku. Themoklaini ikiwa juu, jodari wa aina ya kwanza hubanwa karibu na uso wa bahari na kunaswa kwa urahisi na nyavu kubwa za kuzungushia. Ikizama, samaki hutawanyika.

Hilo lilionekana mnamo 1997 na 1998. Tabaka la joto liliongezeka unene kupita kiasi katika sehemu ya magharibi ya Bahari Hindi, samaki wakawa adimu, na meli kubwa za kigeni za kuvua jodari zikalazimika kuhamia mashariki ya bahari hiyo. Mvuvi wa dau au ngalawa hana uwezo wa kulifuata windo lake umbali huo.

Chini ya mpaka huo kuna wakazi wengine. Silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini kuwa alitoweka zamani za kale hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mnamo 1938, hukaa kwenye mapango ya miamba katika kina cha kati ya mita 100 na 300, ambako maji ni baridi. Mmoja alinaswa na meli ya uvuvi mbali na Malindi mnamo 2001. Jirani, Tanga, wamenaswa wengi tangu 2003, na mnamo 2009 serikali ya Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Matumbawe na mwani

Matumbawe hayana uwezo wa kuhama. Hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa vijimea vinavyoishi ndani ya mwili wake na kuyapa rangi. Joto la maji likizidi kiwango cha kawaida cha msimu wa joto kwa nyuzi moja hivi, na likadumu kwa majuma kadhaa, vijimea hivyo hutolewa na matumbawe hubaki meupe. Hali hiyo ikiendelea, hufa.

Mwaka wa 1998, maji ya joto yaliyokuwa yamerundikana upande huu wa Bahari Hindi yaliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya, yakiwemo ya hifadhi za baharini za Malindi na Watamu. Inakadiriwa kwamba asilimia 16 ya matumbawe ya dunia iliangamia mwaka huo. Miamba iliyo karibu na mifereji ya kina kirefu, ambako maji ya baridi huweza kupanda, huwa na nafasi bora ya kunusurika.

Wakulima wa mwani wa Unguja, wengi wao wanawake, wanaufahamu mpaka huu kwa njia yao. Maji ya vina vifupi yanapopata joto kupita kiasi, mwani wa aina yenye bei nzuri hudhoofika na kuoza. Baadhi yao wamejaribu kupeleka kilimo hicho kwenye maji ya kina kirefu zaidi.

Mvua za bara hupimwa baharini

Athari za unene wa tabaka la joto hazikomei ufuoni. Mita tatu za juu za bahari hubeba joto sawa na lile la hewa yote ya dunia. Bahari inapoongeza au kupunguza akiba hiyo, hali ya hewa hufuata.

Mnamo 1999, wanasayansi walieleza kwa kina hali inayojulikana kama Dipoli ya Bahari Hindi. Katika baadhi ya miaka, pepo zinazovuma kandokando ya ikweta kutoka mashariki huongeza nguvu na kusukuma maji ya joto kuelekea Afrika. Pwani ya Sumatra, Indonesia, themoklaini hupanda na maji hupoa. Upande wa Afrika Mashariki, themoklaini huzama, akiba ya joto huongezeka, mvuke hupanda kwa wingi na mvua za vuli hunyesha kupita kiasi.

Ndivyo ilivyokuwa mnamo 1961, mwaka wa mafuriko makubwa yaliyofanya Ziwa Victoria kupanda kwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Ndivyo ilivyokuwa mnamo 1997, hali hiyo ilipokutana na El Nino. Mwaka wa 2019 ilirudi kwa nguvu kubwa. Novemba mwaka huo, maporomoko ya ardhi katika kaunti ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 50.

Hali ikigeuka, maji ya joto hurundikana upande wa Indonesia, na Afrika Mashariki hukauka. Ndivyo ilivyotokea mnamo 2016, na Februari 2017 serikali ya Kenya ikatangaza ukame kuwa janga la kitaifa.

Faida ya kujua yanayotendeka chini ya maji ni muda. Hewa hubadilika kwa siku chache, lakini bahari huenda polepole. Kupanda na kushuka kwa themoklaini husafiri kuvuka Bahari Hindi kama wimbi pana lisiloonekana, kwa majuma na hata miezi. Badiliko la sentimita chache juu ya bahari, linalopimwa na setilaiti, huweza kuashiria kwamba themoklaini imezama kwa mita nyingi. Watabiri wa hali ya hewa wa nchi za ukanda huu, wakiwemo wa kituo cha IGAD kilicho Nairobi (ICPAC), huichunguza Bahari Hindi kabla ya kutoa utabiri wa msimu.

Kifuniko kinachozidi kuwa kizito

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi zinazochafua hewa limemezwa na bahari. Sehemu kubwa ya joto hilo imebaki katika mamia ya mita ya juu, na vipimo vya Argo vinaonyesha kwamba linashuka pia kuelekea kilindini.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, maji ya juu yanapozidi kuwa mepesi, mpaka kati yake na maji ya baridi huzidi kuwa mgumu. Chakula kilicho chini hupanda kwa shida, na bahari ya juu hupungukiwa na rutuba. Pili, vimbunga hupata nguvu zaidi. Kimbunga hukoroga bahari na kuinua maji ya baridi ambayo hukidhoofisha. Lakini tabaka la joto likiwa nene, kinachoinuliwa ni maji mengine ya joto. Kenya hulindwa na ukaribu wake na ikweta, ambako vimbunga haviwezi kujizungusha vyema, lakini kimbunga Hidaya kilichofika Tanzania Mei 2024 kilionyesha kwamba ukanda huu hauko mbali na hatari hiyo.

Baridi ya kilindi pia imeonekana kuwa rasilimali. Katika kisiwa cha Kumejima, Japani, na katika jimbo la Hawaii, Marekani, tofauti ya nyuzi 20 hivi kati ya maji ya juu na ya chini imetumiwa kuzalisha umeme kwa kiwango cha majaribio. Pwani ya Kenya ina tofauti kama hiyo, na mahali pengi sakafu ya bahari huteremka ghafla kilomita chache tu kutoka ufuoni, isipokuwa kwenye maeneo mapana kama Ghuba ya Ungwana. Gharama ya kujenga na kutunza mabomba ya kufika mita 1,000 ndiyo iliyozuia teknolojia hiyo kuenea.

Kwa sasa, matumizi makubwa ya maarifa haya ni ya tahadhari. Kipimajoto cha ufuoni humwambia mtu kama maji yanafaa kuogelea leo. Kipimo cha mita 100 chini humweleza mvuvi kwa nini samaki wamehama, humwonya mlinzi wa matumbawe, na humpa mkulima wa Kitui au Garissa dalili ya msimu kabla ya wingu la kwanza kutanda.